Nimefunga filta ya koni kwenye Mark X, sasa taa ya injini haizimi

Shikamoo fundi,

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma nikitokea Dar es Salaam, nikaja na gari langu, Toyota Mark X ya 2006 yenye injini ya 4GR, ile ya 2.5. Nilipokuwa Dar lilikuwa linachanganya vizuri tu. Tangu nimefika huku naliona zito, hasa ninapotaka kulipita lori barabara ya kwenda Mtumba asubuhi.

Muuzaji mmoja wa vifaa aliniambia injini inakosa hewa. Dawa yake, akasema, ni kutoa boksi la eaklina (lile la filta ya hewa) na kufunga bomba la alumini lenye filta ya koni. Aliniahidi farasi 20 zaidi, na mafuta ningeokoa. Nikanunua. Kwa kuwa nilishaona video za Wamarekani wakifunga wenyewe uani kwao, nami nikafunga mwenyewe nyumbani Jumamosi moja. Nilihamisha ile sensa ya eaflo, inayopima hewa inayoingia, kutoka kwenye boksi la zamani nikaifunga kwenye bomba jipya. Filta ilikuja na kichupa cha mafuta mekundu, nikaimiminia yote. Kulikuwa pia na kifilta kidogo sana, nikakivalisha kwenye mpira unaotoka kwenye kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), kisha kile kijibomba kilichobaki wazi kwenye bomba la alumini nikakiziba kwa kizibo cha mpira kilichokuwa ndani ya pakiti.

Mlio ni mzuri, siwezi kukataa. Lakini kwenye foleni mchana gari ni zito kuliko mwanzo, sailensi (mzunguko wa injini nisipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na siku ya tatu taa ya injini ikawaka. Nimepima kwa mashine ikatoa kodi za hitilafu P0171 na P0174. Fundi wa kwanza anasema sensa ya eaflo imekufa ninunue mpya. Wa pili anasema ni sensa za oksijeni, zote mbili. Wa tatu anasema taa niizoee, ndiyo kawaida ya gari lililoongezwa nguvu. Boksi la zamani bado ninalo. Nifanye nini?

Mwanao, Nkuhungu, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kueleza kila ulichokigusa. Wengi huandika "gari halina nguvu" wakaishia hapo. Wewe umenipa barua ambayo mtu anaweza kuifanyia kazi, na majibu ya maswali yako mengi yamo humo humo.

Kwanza usinunue kitu. Si eaflo, si sensa za oksijeni. Na yule aliyekuambia uizoee taa, usimsikilize kabisa. Kwenye injini hii taa ya namna hiyo ikipuuzwa inaweza kukugharimu injini yenyewe, nitakueleza kwa nini.

P0171 maana yake upande wa kwanza wa injini unachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta kidogo. P0174 ni habari ileile kwa upande wa pili. Injini yako ni V6, silinda tatu kila upande, na kila upande una sensa zake za oksijeni kwenye ekzosi. Sensa za pande mbili kufa kwa pamoja wiki ileile uliyobadilisha njia ya hewa ni jambo gumu kuliamini. Pande zote mbili zikilalamika kwa sauti moja, tatizo liko mahali ambapo zote mbili zinachangia, na wewe umepagusa mahali hapo kwa mikono yako: njia ya hewa.

Kompyuta ya gari haikadirii mafuta kwa kubahatisha. Ndani ya ile eaflo kuna kiuzi chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inaangalia umeme kiasi gani unahitajika kukirudisha kwenye joto lake. Hapo inajua ni hewa kiasi gani imeingia, ndipo inaamuru mafuta. Sensa hii ni sawa na karani wa mizani barabarani: anarekodi malori yanayopita mbele yake tu, yakipita njia ya panya hana habari nayo. Hewa yoyote inayoingia injini bila kupita kwenye kile kiuzi haiandikwi popote, na haipatiwi mafuta yake.

Sasa kile kifilta kidogo. Hicho ndicho ninachokishuku kuliko vyote.

Injini ikiwaka, moshi kidogo huponyoka pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Watengenezaji hawautoi nje. Kuna vali, ile ya PCV, inayoufyonza na kuurudisha kwenye manifodi (mabomba yanayogawia silinda hewa) ukachomwe. Kinachofyonzwa lazima kijazwe, kwa hiyo hewa safi huingia kupitia ule mpira wa kava ya tapeti. Mpira huo kiwandani uliunganishwa kwenye bomba la hewa, baada ya eaflo na kabla ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli), ili hata hewa hiyo ndogo iwe imeshahesabiwa. Wewe umeuchomoa, ukauvisha kifilta, ukaziba tundu lake kwenye bomba. Tangu hapo manifodi inavuta hewa kutoka nje, kupitia kifilta, kupitia kava ya tapeti, hadi ndani ya silinda, na karani hajaiona. Gari likiwa sailensi mvuto wa manifodi ni mkali sana, na hewa inayohitajika ni ndogo, kwa hiyo hicho kidogo cha wizi kinakuwa sehemu kubwa ya jumla. Ndiyo maana sailensi inapanda na kushuka.

Vifilta hivyo huwekwa kwenye pakiti kwa sababu pakiti moja inauzwa kwa magari ya kila aina, yakiwemo yasiyo na eaflo. Kwa Mark X hakina kazi. Kitoe leo, rudisha mpira kwenye kijibomba chake, na kama mpira umekauka au una ufa, nunua mwingine wa kipenyo hichohicho unaovumilia oili. Mpira wa maji hauvumilii, utalainika.

Mtuhumiwa wa pili ni mafuta ya kichupa. Filta za pamba hupakwa mafuta kidogo mno, mstari mwembamba kwenye kila mkunjo, kisha huachwa yasambae yenyewe hadi rangi iwe sawa kote. Ukimimina yote, yanayozidi yanafuata mkondo wa hewa na kwenda kutua kwenye kiuzi cha eaflo. Kiuzi kilichovaa mafuta na vumbi hakipozwi vizuri, kinaripoti hewa pungufu, kompyuta inapunguza mafuta. Huyo fundi wa kwanza basi hakuwa mbali na ukweli, ila sensa iliyochafuka si sensa iliyokufa. Ifungue, mara nyingi ni skrubu mbili za bisibisi ya nyota, uipulizie dawa maalumu ya kusafishia eaflo. Iombe dukani kwa jina hilo. Usitumie ile ya kabureta wala ya breki, usipulize kwa kompresa, usiguse kiuzi kwa pamba ya masikioni wala kwa kidole. Iache ikauke yenyewe kabisa kabla ya kuirudisha, na hakikisha ile ringi ya mpira inayoizunguka imekaa kwenye mfereji wake.

Wa tatu ni bomba lenyewe, na huyu ndiye asiyesafishika. Karani wetu haoni bomba zima. Anapima kasi ya hewa inayopita pale alipo, kisha kompyuta inakisia jumla kwa kudhani bomba lina upana uleule wa kiwandani. Tuseme sehemu ya sensa kwenye boksi la zamani ilikuwa na milimita 70 na bomba jipya lina 76. Inaonekana tofauti ndogo, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 18 hivi. Hewa ileile inapita polepole zaidi mbele ya kiuzi, na kompyuta inaamini imepungua. Chukua rula upime bomba lako na mahali sensa ilipokuwa imekaa. Angalia pia kama imewekwa karibu na kona. Hewa inayotoka kwenye kona huwa inazunguka na kupiga kiuzi ovyo, na usomaji unarukaruka.

Utajuaje ni yupi kati ya hawa? Mwambie mwenye mashine akuonyeshe namba za marekebisho ya mafuta, zile zinazoandikwa STFT na LTFT, kwa kila upande. Zinasema kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi ili kurudi kwenye mstari. Zisome injini ikiwa imeshapata moto, kwanza ikiwa sailensi, kisha mtu akanyage na kushikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Jumla ya STFT na LTFT ikiwa juu sana kwenye sailensi, tuseme 20 na zaidi, halafu ikashuka karibu na sifuri ukikanyaga, hewa inaibwa mahali: mpira, klempu iliyolegea, gasketi. Ikibaki juu kotekote, au ikapanda zaidi kadiri unavyokanyaga, eaflo inahesabu pungufu, kwa uchafu au kwa upana wa bomba. Mafundi wachache hujisumbua kuangalia namba hizi. Wengi husoma kodi tu na kutaja kifaa cha kununua.

Nimesema taa hii ni hatari kwa injini hii, sasa nieleze. Ukiendesha taratibu, sensa za oksijeni zinamsaidia karani kurekebisha makosa yake. Ukikanyaga mafuta hadi chini kulipita lori, kompyuta inaacha kuzisikiliza na kutegemea hesabu ya eaflo peke yake, na hesabu hiyo ni pungufu. Mafuta yanakuwa kidogo wakati injini imebeba mzigo mkubwa kuliko wote. 4GR-FSE ina mgandamizo wa 12 kwa 1, mkubwa, na Toyota waliiundia petroli ya oktani ya juu. Mchanganyiko mkavu kwenye mgandamizo kama huo unapanda joto na injini inaanza kugonga. Sensa ya kugonga itajaribu kuiokoa kwa kuchelewesha cheche, na hapo ndipo nguvu zinapopotea badala ya kuongezeka. Ikizidiwa, pistoni zinaumia.

Niseme sasa kile ambacho muuzaji hakukuambia. Gari lako halikuwa na ugonjwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Dar iko ufukweni. Hewa ya huku ni nyepesi, kila mvuto wa pistoni unaingiza kama asilimia 10 pungufu ya ule wa Dar, na injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mark X yako ilitoka kiwandani na farasi 215. Ondoa sehemu ya kumi, ndiyo uzito unaousikia nyuma ya lori. Hakuna filta inayoweza kuongeza uzito wa hewa ya Dodoma.

Na koni uliyofunga imeongeza hasara juu ya hasara. Mdomo wa boksi la kiwandani umeelekezwa mbele kunakoingia upepo wa nje, mbali na joto. Koni iliyokaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyopita kwenye rejeta na kuzungukwa na ekzosi. Kwenye foleni hewa hiyo inafika nyuzi 60 bila shida. Ukilinganisha na hewa ya nje ya nyuzi 30, imepungua uzito kwa asilimia 9. Ndiyo sababu mchana gari ni zito kuliko mwanzo. Ule mlio unaoupenda ulikuwepo siku zote. Boksi la zamani na vyumba vyake ndivyo vilikuwa vinaumeza, na sikio likisikia ngurumo linaamini kasi.

Kuhusu kuokoa mafuta, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 kwenye magari ya sindano (yasiyo ya kabureta), kwa filta safi na filta zilizozibwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote. Filta chafu iliathiri mwendo wa kuchanganya pale pedeli ilipokanyagwa hadi chini. Inaeleweka: ukiendesha kawaida, kinachobana hewa ni throto yako mwenyewe, filta haina usemi.

Kinachoniuma zaidi katika barua yako ni vumbi. Ukae Nkuhungu, kiangazi, halafu utoe boksi lililofungwa na filta ya karatasi uweke pamba wazi! Vumbi letu lina chembe za mchanga, ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita, zinakaa kati ya ringi na ukuta na kusaga polepole, na dalili huja umechelewa: gari linaanza kula oili, kisha moshi wa bluu. Fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote. Fungua klempu ya upande wa throto, vuta bomba, funga kitambaa cheupe kwenye kidole ukipitishe ndani ya bomba, upande wa baada ya filta. Hapo hapaswi kutoka kitu. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo, hata kidogo, koni hiyo isirudi kwenye gari lako.

Ushauri wangu ni urudishe boksi la zamani hata kama kitambaa kitatoka cheupe. Ni kazi ya saa moja ya mtu asiye na haraka. Acha injini ipoe, toa ufunguo. Mafundi wengi watakuambia uchomoe terminali ya betri. Kama bado una redio ya Kijapani yenye ramani, usiichomoe bila sababu, nyingi hujifunga na kudai diski ya ramani ambayo hatunayo. Ufunguo ukiwa nje unaweza kuchomoa soketi ya eaflo kwa usalama. Bonyeza kilimi chake, vuta soketi yenyewe, usivute nyaya. Ukishatoa bomba, ziba mdomo wa throto kwa kitambaa safi kikubwa kisichoweza kumezwa, na usiwashe gari "kusikiliza" likiwa wazi. Nati moja ndogo ikidondokea humo, gharama yake hutaisahau. Pangusa ndani ya boksi kwa kitambaa chenye unyevu, weka filta mpya ya karatasi ya saizi yake, na kagua ukingo wake wa mpira umekaa pande zote kabla ya kufunga vibanio. Hapo ndipo vumbi hupita kwa wengi, filta ni mpya lakini kona moja imejikunja. Klempu zikaze hadi mpira usizunguke kwa mkono, basi. Rudisha mpira wa tapeti mahali pake. Kisha futa kodi kwa mashine, uendeshe siku chache, usome tena zile namba.

Kama moyo wako bado uko kwenye koni, na bomba lina upana sawa na wa zamani mahali pa sensa, basi iwe filta kavu isiyopakwa mafuta, uitengenezee ukuta wa bati la alumini wenye ukingo wa mpira unaogusa boneti, na uivutie hewa ya mbele. Ukimaliza kazi hiyo yote utakuwa umetengeneza boksi la eaklina, lile lile ulilonalo. (Wasomaji wa Dar mnaouziwa aina ile ndefu inayoshusha filta hadi nyuma ya bampa, mnajua Jangwani inavyojaa masika. Maji hayagandamizwi. Yakiingia silinda injini inapinda koni rodi (mkono wa pistoni) papo hapo.)

Fedha uliyotaka kutumia kwenye eaflo mpya itumie kwingine. Angalia plagi zote sita. Safisha throto. Halafu umuulize fundi unayemwamini kuhusu masizi kwenye vali za hewa: injini hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali hazioshwi na mafuta, na masizi hugandia humo. Ni ugonjwa unaofahamika wa 4GR, na gari la 2006 linaweza kuwa nao wa kutosha. Kuyaondoa kutakurudishia pumzi ambayo koni haikuweza. Na ukilipita lori barabara ya Mtumba, hesabu nafasi ndefu kuliko uliyozoea Dar, ukanyage pedeli hadi chini mapema ili gia ishuke kabla hujatoka kwenye mstari wako.

Ukishazisoma zile namba za sailensi na za mizunguko 2,500, baada ya kurudisha boksi, niandikie zote nne, za kila upande. Zikiwa bado juu, tutatafuta ufa kwenye mpira mkubwa wa throto na gasketi za manifodi, kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akubadilishie sensa kabla hatujafika huko.